Pikipiki ya mizigo inavuja oili? Tafuta inapotokea kabla hujatoa hela

Kama unauza mtandaoni na mizigo yako inakwenda kwa wateja na pikipiki yako mwenyewe, au ya mdogo wako, au ya kijana uliyemkabidhi, hii ni ya kwako. Leo siongelei matangazo wala namna ya kujibu wateja inboksi. Naongelea lile doa jeusi unalolikuta chini ya pikipiki asubuhi.

Mimi nauza mashuka, mapazia na mataulo. Mizigo yangu mingi ya Dar anaipeleka mdogo wangu kwa Boxer tuliyoinunua ikiwa imeshatumika. Mashuka meupe na oili, jibu unalijua mwenyewe. Kwa hiyo ilipoanza kuvuja, "tutaona mwezi ujao" haikuwepo. Na wiki hiyohiyo mteja mmoja, mama ambaye ameshaagiza kwangu mara nne, akanitumia picha ya pevingi zake mpya pale getini. Doa saizi ya sahani. Hakutukana. Aliandika tu, "Dada, pikipiki yenu imeacha hii." Meseji ya namna hiyo inauma kuliko matusi.

Fundi wa kwanza aliangalia dakika mbili, akapitisha kidole chini ya injini, akasema, "Dada, hapa lazima tushushe injini, tubadilishe gasketi zote." Siku tatu gereji, na bei aliyotaja ilikuwa inakaribia faida yangu ya wiki mbili. Simwiti mwizi. Injini ile ilikuwa na tope la oili na vumbi kila upande, hata angekuja fundi wa aina gani asingeweza kujua kwa kuangalia. Ndiyo maana nikamwambia nitarudi, kwanza nataka nijue inatokea wapi.

Ikaja kuwa ni sili moja ndogo ya shilingi 3,000.

Sasa sisemi kwamba ya kwako nayo itakuwa ya 3,000. Inaweza ikawa kweli injini inatakiwa ishuke. Ninachosema ni kwamba kutafuta inapotokea ni kazi moja, na kutengeneza ni kazi nyingine, na ile ya kwanza unaiweza mwenyewe nyumbani. Unahitaji asubuhi moja, mafuta ya taa kidogo, brashi ya zamani, poda, kadibodi, na simu hiyohiyo unayopigia picha bidhaa.

KWANZA, NI OILI YA INJINI KWELI?

Usicheke. Chini ya pikipiki vinadondoka vitu vingi. Grisi au oili ya cheni ikiwekwa nyingi inarushwa na kuchafua upande wote wa kushoto wa tairi la nyuma, na mtu akiona anasema injini inavuja. Oili ya shokapu za mbele nayo inashuka kwenye miguu ya mbele mpaka karibu na ekseli. Ukiona mlowano uko kwenye shokapu, hiyo ni sili ya shokapu, injini haihusiki. Petroli haiachi doa zito, inakauka haraka na harufu yake huwezi kuikosea. Hiyo usiifanyie majaribio yoyote, funga koki na uitafutie dawa siku hiyohiyo, maana ni moto.

Halafu chomoa kijiti cha kupimia oili, pima na unuse. Pikipiki iwe imesimama wima kwenye stendi kubwa, sehemu tambarare, injini imezimwa dakika kadhaa ili oili ishuke. Angalia kitabu chako kinasemaje, kwa sababu pikipiki nyingine unapima kijiti kikiwa kimekaa tu bila kukifunga, nyingine kikiwa kimefungwa, na tofauti yake siyo ndogo.

Kuna mambo mawili ya kukamata hapa. La kwanza, oili kuzidi. Vijana wengi wakiona inavuja wanaongeza, kesho wanaongeza tena, mwisho inapita alama ya juu. Ikizidi, presha ndani ya injini inapanda na oili inatafuta pa kutokea. Inapanda kwenye kile kipira cha kupumulia injini na kuingia mpaka kwenye boksi la kichujio cha hewa, au inasukuma kwenye sili zilizochoka. Kama kipira chenyewe kimekunjika au kimeziba na tope, matokeo ni hayohayo hata kama oili ni ya kipimo. Kifuate kwa mkono mwanzo mpaka mwisho. Ukikuta kimebanwa na fremu, kiachie. Pikipiki nyingine zimepona hapo tu.

La pili, oili kunuka petroli na kipimo kupanda bila mtu kuongeza. Hapo mara nyingi sindano ya floti kwenye kabureta haifungi vizuri, petroli inapita usiku kucha na kushuka ndani ya injini. Oili inakuwa nyepesi kama maji, inapenya kila mahali, na mbaya zaidi haikingi vyuma. Ukikuta hivyo usiiwashe. Mwaga hiyo oili, kabureta itengenezwe, weka mpya. Ukibadilisha sili kabla ya hapo umetupa pesa.

Na kama oili inapungua lakini chini ni pakavu kabisa, angalia moshi. Ukiwa wa bluu bluu wakati wa kupiga resi, injini inakula oili ndani, habari ya ringi au sili za valvu. Hiyo ni stori nyingine, haimo humu.

KUSAFISHA NDIYO NUSU YA KAZI

Hapa ndipo wengi wanaruka hatua. Anaona oili, anaanza kukaza nati. Ndugu yangu, oili haikai ilipotokea. Inashuka chini kwa uzito wake na inasukumwa nyuma na upepo pikipiki ikiwa inakimbia. Ikitoka juu kwenye kava la hedi, inapita kwenye mapezi ya silinda, inazunguka kwenye kesi, na tone linaning'inia kwenye bolti ya kumwagia oili chini kabisa. Wewe unaona bolti inavuja, kumbe bolti haina kosa lolote.

Kwa hiyo injini lazima iwe safi mpaka uone rangi ya chuma chenyewe. Tulisubiri ipoe kabisa, hilo ni la lazima. Tukapaka mafuta ya taa kwa brashi, tukayaacha dakika kumi hivi yalainishe, tukasugua kwenye kila kona, halafu maji ya sabuni ya unga na kusuuza. Usitumie petroli. Najua mafundi wengi wanaitumia, lakini wewe uko nyumbani, kuna jiko, kuna watoto, na cheche moja inatosha. Mdomo wa ekzosi na kabureta vifunike na mifuko ya nailoni, na maji usiyapige kwa nguvu kwenye plagi na nyaya. Weka pia kitambaa upande wa gurudumu la nyuma, mafuta ya taa yasiingie kwenye breki wala kwenye tairi.

Kile kikava kidogo kinachofunika sproketi ya mbele kifungue. Humo ndani kuna tope la grisi, mchanga na oili lililokaa miaka. Sisi tulitoa la kujaa kikombe. Usipokifungua hiki, hujasafisha.

Ikishakauka kabisa (acha juani saa moja, pangusa na tambara), puliza poda. Poda ya kawaida ya mtoto. Mimina kidogo kwenye karatasi na uipulize itande nyembamba kwenye injini nzima, hasa kwenye maungio na pale shafti zinapotokeza nje. Injini inakuwa nyeupe kama imepakwa unga. Oili ikitoka hata tone moja, kwenye poda inaonekana kama mstari wa kahawia na huwezi kubishana nao.

PICHA KILA BAADA YA DAKIKA TANO

Hapa sisi wauzaji wa mtandaoni tunawazidi mafundi. Kupiga picha ndiyo kazi yetu. Kabla ya kuwasha nilipiga picha pande zote: kulia, kushoto, mbele chini ya ekzosi, na chini kabisa nikiwa nimelaza simu sakafuni. Kisha tukaiwasha ikaunguruma palepale dakika tano, ikazimwa, picha tena sehemu zilezile. Halafu mdogo wangu akaizungusha mtaani kama dakika ishirini ipate moto wa kazi, akarudi, picha tena.

Usiridhike na injini baridi. Oili ikiwa baridi ni nzito, inaweza isitoke kabisa. Ikipata moto inakuwa nyepesi na ndipo inapopenya. Na usimpime kwa mwendo mrefu mwanzo, kwa sababu ukienda Tegeta na kurudi Mbagala upepo utakuwa umeshaisambaza na umerudi kwenye tope lilelile.

Jambo la usalama: injini ikiwa inaunguruma, macho tu, mikono mbali. Kama wewe ni mvaaji wa dera kama mimi, siku hiyo vaa suruali. Cheni inayozunguka haina utani na nguo, na ekzosi inaunguza.

Ukizilinganisha picha, tafuta sehemu iliyolowa iliyo juu kabisa na mbele kabisa. Hapo, au sentimita chache juu yake, ndipo chanzo kilipo. Vyote vilivyo chini na nyuma ya hapo ni njia tu ya oili kupita. Hiyo kanuni ndiyo mtaji wako, ishike hata ukisahau mengine.

Usiku tukafanya kipimo cha mwisho. Nilichukua kadibodi la mzigo, nikalitandika chini ya injini, nikachora kwa kalamu ya wino mzito matairi yalipo na upande wa kushoto. Usiku wa kwanza ilisimama kwenye stendi kubwa: hakuna kitu, labda kitone kimoja. Usiku wa pili tukailaza kwenye stendi ya pembeni: matone sita yamejipanga chini ya pedeli ya gia. Ukifikiria inaleta maana. Stendi ya pembeni inailaza pikipiki kushoto, oili yote ndani inahamia huko, na kilicho dhaifu upande huo kinaanza kulia. Na pale kwa yule mama wa pevingi, mdogo wangu alikuwa anaegesha kwa stendi ya pembeni akisubiri alipwe kwa simu.

Picha za poda nazo zilionyesha kitu kimoja. Kava la hedi jeupe, silinda nyeupe, kava la klachi jeupe, bolti ya chini nyeupe. Mstari wa kahawia ulianzia pale shafti ya gia inapotoka kwenye kesi, juu kidogo ya pedeli. Gasketi zote alizotaka kubadilisha yule fundi zilikuwa kavu.

MAHALI PENGINE UNAPOWEZA KUPAKUTA

Nitapita haraka, kwa sababu ukishajua mahali, mengi yanajieleza.

Bolti ya kumwagia oili. Ina washa yake, ya shaba au ya aluminiamu, na hiyo washa inabonyea kila inapokazwa. Vijana wa kumwaga oili barabarani wanairudisha ileile mara kumi, ikivuja wanakaza kwa nguvu zote. Kesi ya injini ni aluminiamu, laini kuliko bolti. Ukikaza kwa hasira, uzi wa ndani unakatika na hapo umehama kwenye washa ya bei ya pipi kwenda kwenye kazi ya kutengeneza uzi. Washa mpya, kaza ishike, ongeza kidogo, basi.

Vifuniko vya tapeti juu ya hedi vina oringi za mpira. Zikizeeka zinakuwa ngumu kama plastiki, oili inashuka kwenye mapezi na kunuka kuungua. Kuzibadilisha ni dakika kumi.

Kava la klachi, upande wa kulia, lina gasketi ya karatasi. Hii unaiweza nyumbani ukiwa na subira: mwaga oili, fungua bolti na uzipange kwenye kadibodi kwa mpangilio wa zilivyokaa, maana urefu hautofautiani kwa mapambo. Kwangua gasketi ya zamani bila kukwaruza chuma, weka mpya, kaza kwa msalaba kidogo kidogo. Upande huohuo shafti ya kiki nayo ina sili yake.

Sproketi ya mbele. Sili ya shafti yake ikichoka, oili inachanganyika na grisi ya cheni na mtu hawezi kutofautisha. Ndiyo maana nilisisitiza kile kikava kifunguliwe. Hii usiicheleweshe kabisa, kwa sababu kutoka hapo oili inafuata cheni mpaka kwenye gurudumu la nyuma. Tairi lenye oili kwenye kona, na mzigo nyuma, ni ajali. Ukiona oili kwenye ukingo wa tairi, pikipiki hiyo haitoki nyumbani leo.

Yanayobaki ni ya fundi: maungio ya silinda na kesi chini, mpasuko kwenye kesi kwa sababu ya jiwe au kuanguka, na pale kesi mbili za injini zinapokutana. Hapo injini inaweza kushuka kweli, na utamlipa fundi bila kinyongo kwa sababu umeona kwa macho yako.

TULIVYOBADILISHA ILE SILI

Ilifanyika uani kwetu, kwa soketi za kuazima kwa jirani, saa moja na nusu hivi pamoja na kunywa chai.

Tulipanga iangukie siku ya kubadilisha oili, kwa sababu ukiitoa sili huku oili imejaa, inakumwagikia. Mdogo wangu akamwaga oili kwenye dumu lililokatwa. Kisha akaweka alama ya rangi (tulitumia rangi ya kucha) kwenye pedeli na kwenye shafti, ili pedeli irudi palepale. Ukikosea meno mawili tu, mguu hauifikii gia. Bolti ya pedeli inatolewa yote, siyo kulegezwa, halafu pedeli inavutwa nje.

Sili ya zamani ilitolewa kwa bisibisi ndogo, kuchokolewa taratibu pembeni. Hapa usikimbilie. Ukikwaruza shafti au tundu, sili mpya itavuja kwenye mkwaruzo huo. Kwenye baadhi ya pikipiki sili hii imeshikwa kwa ndani na haitoki kwa nje. Ukiona imegoma kabisa, usiipige, mwite fundi.

Mgongoni mwa sili kuna namba tatu, mfano 12x21x4. Ni milimita: tundu la ndani, upana wa nje, unene. Nenda dukani na namba hizo na ile sili ya zamani mkononi, usiende na maneno "sili ya gia ya Boxer," kwa sababu utapewa inayofanana. Mimi niliipata Kariakoo, na kabla ya kuondoka dukani niliilaza juu ya ile ya zamani kuhakikisha.

Shafti yetu ilikuwa na kutu kidogo pale mdomo wa mpira unapogusa. Akaisugua kwa msasa laini sana uliolowekwa oili, kwa kuzunguka, siyo kwa kwenda mbele na nyuma, akapangusa mpaka kukawa safi. Kisha ujanja ambao utaupenda: meno ya shafti ni makali na yanakata mdomo wa sili mpya wakati wa kuipitisha, halafu unashangaa sili mpya inavuja siku ya kwanza. Tukazungushia selotepu ya kufungia mizigo, raundi mbili nyembamba, tukaipaka oili. Sili ikateleza bila kuguswa na meno, selotepu ikatolewa. Upande wenye kaspringi kadogo unaangalia ndani ya injini. Ukigeuza, haizibi.

Kuizamisha usitumie nyundo moja kwa moja. Tafuta soketi yenye upana unaokaribiana na wa sili, iweke juu, gonga taratibu pande zote mpaka ikae usawa ule wa zamani. Pedeli ikarudi kwenye alama, bolti ya chini ikawekwa washa mpya, oili mpya ya kipimo cha kitabu. Oili ya zamani usiimwage mtaroni wala nyuma ya nyumba. Gereji nyingi zina pipa la oili chafu, ipeleke na dumu lako.

Mtu atakuja na wazo la kupaka silikoni kwa nje. Kwenye chuma chenye oili silikoni haishiki, itadumu siku mbili. Na wakikupakia nyingi ndani ya kava, inayozidi inakatika vipande, vinaogelea kwenye oili na kuziba chujio la oili. Injini ikikosa oili, hapo ndipo utajua bei ya pistoni. Wazo jingine ni kuweka oili nzito zaidi ili isivuje. Tumia namba iliyoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki yako.

HESABU YAKE

Kwa wanaosema "matone tu hayo." Tulikuwa tunaongeza kama mililita 50 kila siku ya kazi, nilipima kwa mistari iliyo pembeni ya chupa ya oili. Siku 26 za kazi ni mililita 1,300. Lita moja na zaidi kwa mwezi, wakati pikipiki nyingi za namna hii zinabeba oili ya lita moja hivi tu tumboni. Yaani kila mwezi tulikuwa tunanunua oili nyingine nzima ya kumwaga barabarani. Zidisha kwa bei ya oili ya duka la kwako. Na hiyo ni kama kijana hajasahau kuongeza. Siku akisahau na safari ni ya Kibaha, injini inakwama njiani na mizigo ya watu mgongoni.

Siku ya matengenezo sikusimamisha oda. Usiku wake niliwaandikia wateja watano kwamba mizigo yao itakuja na bodaboda wa kukodi kabla ya saa nane, nauli juu yangu ileile. Nikapoteza kidogo kwenye nauli, sikupoteza mteja. Kwa yule mama wa pevingi alikwenda mdogo wangu mwenyewe Jumapili na brashi, sabuni ya unga na ndoo. Tulimwagia unga wa sabuni mkavu kwanza ukanyonya, ndipo akasugua na maji ya moto. Doa halikuisha lote, lilififia. Mama akasema inatosha, akauliza kama mapazia ya kijivu yamefika.

Baada ya kutengeneza, kadibodi lilirudi chini ya pikipiki usiku tatu mfululizo, likiwa limelazwa kwa ile stendi ya pembeni kwa makusudi. Usiku wa kwanza kulikuwa na tone moja, nikaingiwa na baridi, kumbe ni oili iliyobaki kwenye kikava cha sproketi. Usiku wa pili na wa tatu kadibodi likabaki kavu. Kipimo cha oili sasa kinasomwa kila Jumatatu asubuhi kabla mzigo wa kwanza haujafungwa, na mdogo wangu anakiandika kwenye daftari lilelile la delivari. Washa za bolti ya chini nilinunua tatu kwa mpigo, ziko kwenye kimfuko chini ya kiti.